Somo: Kuusoma mlima ndani ya jiwe la Usambara

Ukipanda gari Mombo kwenda Lushoto, utaona kilima kimekatwa kupisha barabara na mwamba umebaki uchi. Una rangi ya kijivu iliyokolea, una mistari, na mahali pengine una madoa mekundu ya madini yaitwayo ganeti. Mwamba huo uliiva kwa joto na mgandamizo zaidi ya kilomita 30 chini ya ardhi, yapata miaka milioni 640 iliyopita. Namba hizi watu huzitaja sana. Leo tuone zinatokaje kwenye jiwe.

Hatua ya 1: Pata jiwe bichi. Mwaka wangu wa kwanza nilibeba kiroba cha mawe mekundu mazuri kutoka kando ya njia. Mzee aliyekuwa akikata mawe maabara akachukua moja, akalivunja kwa vidole. "Umeniletea udongo unaojifanya jiwe." Jiwe lililooza kwa mvua na jua limeshapoteza habari zake. Gonga mpaka nyundo irudi mkononi na sauti iwe kali kama ya chuma. Na usigonge kwenye kona za ile barabara, malori yanashuka pale.

Hatua ya 2: Jiulize lilikuwa nini kabla ya kupikwa. Ukiona kinywe, yale madini meusi ya penseli, huenda hapo palikuwa na tope la bahari lenye mabaki ya viumbe. Marumaru ilikuwa chokaa. Jiwe jeusi zito lenye piroksini (madini ya rangi iliyokolea yasiyo na maji ndani yake) na ganeti aghalabu lilianza kama magma, yaani mwamba ulioyeyuka.

Hatua ya 3: Tafuta ulanga. Ulanga, madini yanayometa na kubanduka kama karatasi, umejengwa na maji ndani yake. Joto likipanda, madini yenye maji huvunjika, sehemu ya mwamba huyeyuka, na kinachobaki ni mwamba mkavu wenye piroksini. Huo ndio granulaiti. Ukikosa ulanga kabisa na piroksini ipo kwenye jiwe lako, huenda lilipikwa likakaukia chunguni.

Hatua ya 4: Tazama kingo za ganeti. Hapa usiwe na haraka. Ganeti hukua kwa tabaka kama kitunguu, na inapokua humeza punje za madini yaliyokuwa jirani. Punje hizo hubaki ndani kama mbegu za pera, zikiwa ushahidi wa hali ya zamani kuliko ile iliyo nje. Tatizo ni kwamba joto likipita nyuzi 700 za Selsiasi na kukaa muda mrefu, kemia ya tabaka zile inachanganyika na kusawazishwa. Mwamba ulioiva sana husahau ujana wake. Basi tunategemea zile mbegu, na kingo.

Kingo zina lugha mbili. Ya kwanza: ganeti kuukuu imezungukwa na ukanda mweupe wa madini yaitwayo feldispa, kama jicho lililopakwa wanja mweupe. Hiyo ni ganeti inayoliwa, kwa kuwa mgandamizo ulipungua huku jiwe likiwa bado la moto. Maana yake lilipandishwa juu upesi. Ya pili: punje ndogondogo za ganeti zimejipanga kama mkufu wa shanga kati ya piroksini na feldispa. Hiyo ni ganeti inayozaliwa, kwa kuwa jiwe lilipoa likiwa bado kulekule chini. Granulaiti za Pare na Usambara zina mikufu.

Hatua ya 5: Namba. Jiwe hukatwa na kusagwa hadi unene wa milimita 0.03, mwanga upite. Kisha mashine hupima chuma na magnesi ndani ya ganeti na piroksini zinazogusana, maana mgawanyo wake hufuata joto. Ganeti na feldispa kwa pamoja hutoa mgandamizo. Huku kwetu hupatikana takriban nyuzi 800 na kilobari 10. Kilobari moja ni kama kilomita tatu na nusu za mwamba juu yako, kwa hiyo zipange Kilimanjaro sita, moja juu ya nyingine.

Hatua ya 6: Umri. Unasomwa kwenye zirikoni, fuwele ndogo kuliko punje ya chumvi. Urani iliyomo hugeuka risasi kwa mwendo usiobadilika: nusu ya urani-238 huisha kwa miaka bilioni 4.47. Angalia upime wapi. Kokwa la zirikoni linaweza kuwa la enzi ya mwamba wa awali, na ganda lake likawa la wakati wa kupikwa. Ukivichanganya utapata umri wa tukio ambalo halikutokea kamwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Kwa hiyo Usambara ina miaka milioni 640?
Marahaba. Hapana, jiwe ndilo lina umri huo. Mlima uliolipika ulishamomonyoka wote. Ulikuwa sehemu ya safu iliyoanzia Msumbiji ikapita kwetu, Taita, hadi Uarabuni, wakati bara kuu la kale, Gondwana, likiungana kwa mabara kugongana. Mwanajiolojia Arthur Holmes aliuita Ukanda wa Msumbiji mwaka 1951. Usambara ya leo ni bonge la ukoko wa dunia lililoinuliwa baadaye sana kwenye nyufa.

Kama mabara yaligongana, mbona jiwe halikupanda upesi?
Swali zuri, na wataalamu wanalibishania. Mikufu inaonyesha lilipoa taratibu, nyuzi chache kwa kila miaka milioni. Wapo wanaosema joto lile lilitokana zaidi na magma iliyojikusanya chini ya ukoko kabla ya mgongano wenyewe. Mimi naegemea upande huo, ila kwa mawe haya ya mashariki tu.

Sisi wanaapolo wa Mererani tumo humo?
Mmo. Ukanda ni uleule, ndiyo maana mnachimba kwenye kinywe. Lakini kumbuka hatua ya 3: Tanzanite ina maji katika muundo wake. Haikuzaliwa kwenye kilele cha joto. Ilikuja mwamba ukipoa, majimaji ya moto yalipopenya kwenye mipasuko.

Jiwe la bibi la kusagia, huko Mlalo, lina madoa mekundu. Tuliuze?
Muachieni bibi jiwe lake. Ganeti za namna hiyo zimejaa nyufa, sonara hazitaki. Ila siku ukienda, limwagie maji, ulitoe juani, uangalie kama madoa yana wanja mweupe au mkufu. Kisha utuwekee picha hapa.