Land Cruiser ya gia za mkono kwenye baridi ya Ngorongoro: kuanzia jioni hadi chini ya kreta

Haya ni kwa vijana wa Arusha wanaoanza kuendesha watalii. Mwezi wa saba nilimkuta dogo mmoja kambi ya Simba, pale ukingoni, gari limewaka safi lakini gia ya pili haiingii. Wenzake walikuwa wameshateremka kreta, wageni wake wamejikunyata kwenye mablanketi ya Kimasai. Aliniomba nimwandikie, basi someni wote.

Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukingo wa Ngorongoro ni kama mita 2,300. Kati ya Juni na Agosti, alfajiri ya pale si ya kufanyia mzaha. Gari ninalolizungumzia ni lenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, gia tano.

Hatua ya 1: Jioni

Zima friji na inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kuchajia). Wageni watakuomba wachaji kamera usiku kucha. Waambie kwa upole kwamba haiwezekani, labda uwe na betri ya pili. Betri kwenye baridi hupungukiwa nguvu wakati uleule ambao injini ni nzito kuzungushwa. Egesha pua ikitazama mteremko penye nafasi, weka gia ya kwanza, zuia matairi kwa mawe.

Hatua ya 2: Kuwasha

Toa gia, weka fri. Kanyaga klachi mpaka chini hata kama gia haipo, maana usipoikanyaga stata inazungusha injini pamoja na mafuta mazito ya gia boksi. Fungua swichi, subiri taa ya hita plagi (plagi zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha) izime. Baridi ikizidi, funga swichi, fungua tena, subiri mara ya pili. Ndipo upige stata, si zaidi ya sekunde 10, kisha ipumzishe betri nusu dakika kabla ya kurudia.

Injini hii ina silinda 6 na kila moja ina hita plagi yake. Ikiwaka kwa kutetemeka na moshi mweupe unaochelewa kuisha, kuna plagi zimekufa. Zipimwe mjini kabla ya safari. Porini utapata wa kukusukuma tu.

Ile dawa ya kopo ya kupuliza kwenye njia ya hewa sitaki kuiona kwenye gari langu. Ikikutana na hita plagi iliyo moto inaweza kulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni. Na anayewasha jiko la mkaa chini ya injini, huyo hata simjibu.

Hatua ya 3: Subiri kidogo

Dakika mbili au tatu zinatosha, klachi ukiwa umeiachia taratibu, gia ikiwa fri. Hapo shafti za gia boksi zinazunguka na kuanza kuchota mafuta. Ukikaa umekanyaga klachi muda wote, gia boksi limelala tu.

Hatua ya 4: Gia ya pili

Hapa ndipo dogo alipokwama. Aliniambia, "Kaka, mbona geji ya joto imeshapanda?" Geji ile inapima maji ya injini. Gia boksi halina geji, na linachelewa sana kupata joto kuliko injini.

Ndani mna pete za shaba zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Ili ishike, pete lazima ifute mafuta yaliyo mbele yake. Mafuta yakiwa mazito kama uji wa jana, pete inateleza tu, na wewe unasikia mkono umegonga ukuta. Ukilazimisha, unaila pete. Ukiila pete, hata kwenye joto la mchana kule Mto wa Mbu gia itakuwa inalia.

Kwa hiyo: ondoka na gia ya kwanza, taratibu. Ikigoma ukiwa umesimama, gusa ya tatu kwanza, kisha rudi ya kwanza. Kwenda ya pili, kanyaga klachi, toa gia iwe fri, achia klachi, kanyaga tena, halafu sukuma kwa vidole viwili, si kwa bega. Wazee wa malori wanaijua hii. Kilomita za mwanzo usizidishe mizunguko 2,000 ya injini kwa dakika, na usiruke kutoka ya kwanza kwenda ya tatu kwa hasira.

Ikigoma kila asubuhi, angalia mafuta yenyewe. Mafundi wengi hupenda kuweka namba 140, mafuta mazito sana, kwa sababu inaficha kelele za gia boksi lililochoka. Kwa Dar sawa. Ukingoni ni adhabu. Mimi naweka 75W-90, ambayo ni nyepesi zaidi kwenye baridi, yenye alama ya GL-4. GL-5 naiachia difu (gia za ekseli), kwa kuwa baadhi ya dawa zake zinaweza kuila shaba. Lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Na simama pale fundi anapomimina. Usiletewe kidumu kisicho na lebo.

Hatua ya 5: Vioo

Hita na AC pamoja, upepo uelekee kioo cha mbele, ili ukungu utoke.

Hatua ya 6: Kuteremka Seneto, barabara ya kushukia kreta

Chagua kila kitu ukiwa umesimama getini: 4L (magurudumu yote manne kwa mwendo wa chini wenye nguvu), gia ya kwanza au ya pili. Usipange kubadilisha katikati ya mteremko, kwa sababu gia ikigoma hapo umebaki na breki peke yake. Injini ndiyo ikushike. Mguu mbali na klachi. Kile kijiti cha 4L nacho huwa kigumu kikiwa baridi. Usikipige teke: sogeza gari nusu mita mbele, simama, jaribu tena, kitaingia.