Jinsi ya kukadiria ugonjwa unajificha mwilini siku ngapi kabla ya dalili kutoka

Watu wengi wakisikia "kukadiria" wanakimbilia fomula, afu wanaingiza tarehe mbovu na kushangaa mbona majibu hayaeleweki. Kazi hii asilimia kubwa ni kuuliza tarehe, tena kuuliza vizuri, hesabu yenyewe inakuja mwishoni na wala haina maajabu.

Kwanza tuelewane tunapima nini. Tangu kimelea kinaingia mwilini mpaka mtu anapojisikia dalili ya kwanza, huo muda ndo tunautafuta, wengine wanauita kipindi cha kuatamia, na jina limekaa vizuri maana ni kama kuku na mayai, nje kumetulia ila ndani mambo yanaendelea. Usichanganye na muda wa kuanza kuambukiza wengine, hivyo ni vitu viwili tofauti. Kwenye Uviko-19 watu walikuwa wanawaambukiza wenzao siku moja mbili kabla wao wenyewe hawajajisikia chochote.

Mfano mtamu kuliko yote ninaoujua ni wa 1846, visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya. Surua ilikuwa haijaonekana huko tangu 1781, kwa hiyo ilipoingia iliwafagia, watu walikuwa 7,800 hivi na walioumwa wakafika kama 6,000. Denmark ikamtuma daktari kijana, Peter Panum, akaanza kuzunguka kijiji kwa kijiji akiuliza nani alienda wapi siku gani. Akakuta hii: tarehe 4 Juni mashua ya wanaume kumi wa kijiji cha Tjørnuvík ilienda Vestmanna kwenye uvuvi wa nyangumi, tarehe 18 Juni wote kumi wakatokwa na vipele. Wote kumi, siku moja! Hana kompyuta wala hajui virusi ni nini, lakini kwa visa vya namna hiyo akasema surua inachukua siku 13 au 14 mpaka vipele, na mpaka leo namba hiyo haijapingwa.

Angalia kilichomsaidia. Siku ya kuambukizwa inajulikana na ni moja tu, na dalili aliyoihesabia ni ileile kwa kila mtu. Hiyo ya pili watu wanaisahau sana. Surua homa inatangulia, inakuja kama siku ya 10, vipele vinafuata siku chache mbele, sasa kama nusu ya wagonjwa wako umewaandikia siku ya homa na nusu siku ya vipele, umeshaharibu kabla hujaanza. Chagua dalili moja, iandike juu ya daftari, na usibadilishe njiani.

Haya, kuuliza. Usitumie tarehe ya kufika hospitali wala ya majibu ya maabara, hizo ni tarehe za makaratasi, mtu anaweza kuumwa siku nne ndo akaenda. Na ukiuliza "ulianza kuumwa lini" jibu la kwanza mara nyingi siyo lenyewe. Maongezi yanakwenda hivi:

"Ulianza lini?"
"Jumatatu."
"Jumatatu ulienda kazini?"
"Ningeendaje, hata kuamka nilishindwa."
"Jumapili usiku ulilala vizuri?"
"Aah, Jumapili nilikuwa na baridi baridi tu, nikajifunika."

Basi huyo ameanza Jumapili. Mtu kwake ugonjwa unaanza siku ulipomwangusha, wewe unatafuta siku ulipobisha hodi. Mwambie afungue simu aangalie meseji na picha za siku hizo, mtu hakumbuki tarehe lakini anakumbuka matukio, muulize ilikuwa kabla au baada ya tukio fulani.

Upande wa kuambukizwa ni mgumu zaidi maana hakuna anayemwona kimelea akiingia. Wagonjwa wa dhahabu ni waliokutana na chanzo mara moja tu: waliokula chakula kimoja, waliopita kwa siku chache sehemu yenye ugonjwa wakaondoka, aliyemtembelea mgonjwa mara moja basi. Anayelala nyumba moja na mgonjwa wiki mbili hakusaidii sana, hujui ni usiku upi. Ila usimtupe, muandike kama dirisha. Tuseme mtu alikuwa na mgonjwa kuanzia tarehe 3 hadi tarehe 6, dalili zikaanza kati ya tarehe 9 na 10. Muda mfupi kabisa unaowezekana ni 9 toa 6, siku 3. Mrefu kabisa ni 10 toa 3, siku 7. Kwa hiyo kwake jibu ni "kati ya 3 na 7", na ukiandika 5 tu ili daftari lipendeze umejitungia uhakika usiokuwepo. Na dirisha la kuambukizwa likipita siku ya dalili, likate hapohapo, hakuna anayeumwa kabla ya kuambukizwa.

Sasa hesabu. Nachukua namba za kubuni: watu 11 wamekula chakula kimoja saa ileile, wameanza kuumwa baada ya saa 9, 11, 12, 14, 15, 17, 18, 22, 26, 31 na 40. Zipange hivyo toka ndogo hadi kubwa, ya katikati ni ya sita, yaani 17. Wastani wa kawaida unatoka 19.5, umevutwa juu na yule wa saa 40. Na hii siyo bahati mbaya, magonjwa karibu yote yako hivi, wengi wanajazana mwanzoni afu mkia mrefu unaburuzika kulia. Sartwell, mtafiti wa magonjwa wa Marekani, alilionyesha hili 1950, kwamba ukichukua logi (logarithm) za hizo namba badala ya namba zenyewe, zinakaa kwenye umbo la kengele vizuri tu.

Kwa hiyo fungua Excel, kila namba itafutie logi kwa LN, piga wastani wa hizo logi, kwangu umetoka 2.87, rudisha kwa EXP, inayogeuza logi kuwa namba ya kawaida, unapata 17.7, karibu kabisa na ile 17 ya katikati. Afu tafuta mchepuko wa hizo logi kwa STDEV, yaani zimetawanyika kiasi gani kuzunguka wastani, umetoka 0.46, nao urudishe kwa EXP, 1.58. Hiyo 1.58 haijumlishwi, inazidishwa na kugawanywa. 17.7 gawanya kwa 1.58 ni 11.2, 17.7 mara 1.58 ni 28, kwa hiyo kama theluthi mbili ya watu wataangukia hapo katikati (kwenye orodha yetu ni 7 kati ya 11, siyo mbaya). Rudia kugawanya na kuzidisha mara moja tena unapata saa 7 mpaka 44, hapo umekusanya karibu 95 kati ya kila 100.

Ukiwa na madirisha badala ya namba kamili, njia ya mkono ni kufanya hesabu mara mbili, moja kwa namba fupi zote na nyingine kwa namba ndefu zote, ukweli upo katikati ya hayo majibu. Njia ya kisasa ni programu ya R, ina kifurushi kinaitwa coarseDataTools kimetengenezwa kwa shida hii hii, unampa mwanzo na mwisho wa kila dirisha anakuletea makadirio.

Mtego mmoja mbaya ni kuhesabu wakati mlipuko bado unapanda. Walioambukizwa wiki hii na ugonjwa kwao ni wa haraka wameshajitokeza, wale wa polepole bado wako majumbani wazima wazima, hawamo kwenye daftari lako. Namba yako itatoka fupi kuliko ukweli bila wewe kukosea popote. Dawa rahisi ni kubaki na walioambukizwa zamani kiasi kwamba hata mkia mrefu ungekuwa umeshaonekana.

Na huo mkia ndo wenye kazi, karantini haipangwi kwa wastani hata siku moja. Uviko-19 mwanzoni mwa 2020, watafiti, Lauer na wenzake, walichukua wagonjwa 181 wakapata ya katikati siku 5.1, lakini kuwafikia 97.5 kwa mia ya watakaoonyesha dalili ilibidi kwenda mpaka siku 11.5, ndo maana watu waliwekwa ndani 14 siyo 5. Ebola ni siku 2 hadi 21, wasiliani, yaani waliokutana na mgonjwa, wanafuatiliwa zote 21, na kutangaza mlipuko umeisha zinahesabiwa 42, mkia mara mbili. Kichaa cha mbwa ndo usiseme, kawaida miezi 2 au 3 ila inaweza kuwa wiki moja na inaweza kuwa mwaka.

Ukishaijua namba unaweza kurudi nayo nyuma kutafuta chanzo. Homa ya ini A ni siku 15 hadi 50, wastani 28. Tuseme mgonjwa wa kwanza ameanza 20 Machi, wa katikati 30 Machi, wa mwisho 10 Aprili, na unadhani wote wamekula sehemu moja. Wa kwanza mrudishe siku 15, 5 Machi, haiwezekani iwe baada ya hapo. Wa mwisho mrudishe siku 50, 19 Februari, haiwezekani iwe kabla ya hapo. Wa katikati mrudishe 28, inaangukia 2 Machi. Anza kuuliza watu walikula nini na wapi siku zinazoizunguka hiyo 2 Machi.