Blade Runner ilibuma kweli? Namna ya kukokotoa mapato ya filamu ya zamani, kuanzia tiketi hadi diski

Ukisoma mahali kwamba filamu ya zamani iliingiza dola milioni 33, usiiandike popote kabla hujajua ni milioni 33 za nani, za mwaka gani na za toleo lipi. Mwongozo huu unapita kazi hiyo yote kwa mfano mmoja: Blade Runner ya Ridley Scott, iliyotoka Marekani Ijumaa ya tarehe 25 Juni 1982. Ina karibu kila mtego unaopatikana katika hesabu za aina hii: gharama kubwa, mwanzo wa wastani, matoleo chungu nzima, na maisha marefu kwenye kanda na diski. Anayeweza kuinyoosha hii ataziweza na nyingine za miaka ya 1970 na 1980.

Jedwali kabla ya namba

Fungua Excel, au daftari la kurasa pana, uchore safu saba: tarehe, toleo, nchi, njia (ukumbi, kanda ya VHS, diski ya leza, DVD, Blu-ray), aina ya kiasi, kiasi chenyewe, na ulikokitoa. Safu ya tano ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayoharibu kila kitu. Kiasi kinaweza kuwa mapato ghafi ya tiketi, yaani pesa yote iliyopita dirishani. Kinaweza kuwa fungu la msambazaji baada ya ukumbi kukata chake. Kinaweza kuwa idadi ya nakala zilizouzwa, au thamani ya nakala hizo kwa bei ya jumla. Aina hizi nne hazijumlishwi pamoja hata siku moja.

Mtego wa kwanza uko hapo. Kwa miongo mingi gazeti la Variety liliorodhesha filamu kwa fungu la msambazaji, ilhali tovuti za leo kama Box Office Mojo na The Numbers hutoa mapato ghafi. Ukichukua filamu ya 1968 kutoka orodha ya zamani ya Variety ukaishindanisha na ya 1982 kutoka tovuti, ile ya kwanza umeipunja karibu nusu ya haki yake.

Kisanduku usichokuwa na namba yake kiache kitupu. Usiandike sifuri. Mapato ya nje ya Marekani kwa filamu za wakati huo mara nyingi hayamo kwenye tovuti, na programu ya jedwali ikikuta sifuri itakutolea wastani wa uongo bila kukuonya.

Wikiendi ya kwanza

Blade Runner ilianza na dola milioni 6.15 katika kumbi 1,295. Gawanya: karibu dola 4,750 kwa ukumbi. Siku hiyohiyo The Thing ya John Carpenter ilianza na milioni 3.1 katika kumbi 840, kama dola 3,700 kwa ukumbi. E.T. ya Steven Spielberg, iliyotangulia kwa wiki mbili, ilikuwa imeanza na milioni 11.8 katika kumbi 1,100 hivi, yaani zaidi ya dola 10,000 kwa ukumbi. Kwa hiyo simulizi kwamba Blade Runner ilikufa siku ya kwanza si sahihi. Ilishika nafasi ya pili wikiendi hiyo, nyuma ya E.T.

Tatizo linaonekana kwenye kizidishio. Chukua jumla ya safari ya kwanza sinemani, ugawe kwa wikiendi ya kwanza. Blade Runner: milioni 27.6 kwa 6.15, unapata 4.5. The Thing, ambayo nayo huhesabiwa kuwa ilianguka: milioni 19.6 kwa 3.1, unapata 6.3. E.T.: milioni 359 kwa 11.8, kama 30. Yaani Blade Runner ilivuta watu wengi mwanzoni kuliko The Thing, kisha ikaporomoka kwa kasi zaidi. Hiyo ni dalili ya matangazo kuahidi kitu na filamu kuleta kingine: aliyekuja kumwona Harrison Ford akikimbizana na watu kwa bastola alikuta mvua, giza na maswali ya nani ni binadamu.

Usitumie kipimo cha leo hapa. Siku hizi filamu hufunguliwa kwenye kumbi zaidi ya 4,000 kwa mpigo na kuondoka mapema, hivyo kizidishio cha 3 hakimshtui mtu. Mwaka 1982 filamu iliyopendwa ilikaa miezi, na 4.5 ilikuwa dhaifu.

Tenga safari ya kwanza na marudio

Jumla ya maisha yote ya Blade Runner katika kumbi za Marekani hutajwa kuwa karibu milioni 32.9. Tofauti ya milioni 5.3 kati yake na zile 27.6 ni marudio, hasa toleo la mwongozaji lililotoka Septemba 1992 na toleo la mwisho la Oktoba 2007. Makala nyingi huchukua 32.9 na kuiita mapato ya 1982. Kosa dogo kwa macho, lakini huvuruga kila hesabu inayofuata, kwa kuwa bei ya tiketi haikusimama.

Wastani wa bei ya tiketi Marekani ulikuwa dola 2.94 mwaka 1982, dola 4.15 mwaka 1992 na dola 6.88 mwaka 2007. Gawanya kila fungu kwa bei ya mwaka wake. Milioni 27.6 kwa 2.94 ni tiketi milioni 9.4. Marudio yote, hata ukijifanya yalikuwa ya 1992 peke yake, hayazidi tiketi milioni 1.3. Jumla ya juu kabisa ni milioni 10.7. Aliyegawa 32.9 kwa 2.94 atapata milioni 11.2 na atakuwa amebuni watazamaji nusu milioni.

Wastani huo wa bei una kasoro yake: umechanganya watoto na maonyesho ya mchana, ilhali Blade Runner ilikuwa na alama ya R (aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima) na watazamaji wake walikuwa watu wazima waliolipa bei kamili. Kwa hiyo tiketi halisi huenda zilikuwa chache kidogo kuliko 9.4. Andika hivyo pembeni ya namba, usiirekebishe kwa kubahatisha.

Kupandisha thamani hadi pesa ya karibuni kuna njia mbili, na kila moja ina kazi yake. Tumia 2019, mwaka wa mwisho kabla ya korona kuvuruga kumbi. Kwa bei ya tiketi (dola 9.16) milioni 27.6 zinakuwa milioni 86. Kwa mfumuko wa bei za jumla wa Marekani zinakuwa milioni 73. Ukiuliza watu wangapi walivutwa, tumia tiketi. Ukiuliza mwekezaji alipata au alipoteza kiasi gani, tumia bei za jumla, maana pesa yake ingeweza kununua nyumba, si tiketi.

Sasa jaribu njia hiyo kwa mwendelezo wake, Blade Runner 2049, ya Oktoba 2017. Marekani na Kanada iliingiza milioni 92 hivi, na wastani wa tiketi mwaka huo ulikuwa dola 8.97. Jibu: tiketi milioni 10.3. Baada ya miaka 35 ya sifa, mwendelezo uliuza karibu tiketi zilezile za filamu ya kwanza, katika nchi iliyokuwa imekua kutoka watu milioni 232 hadi milioni 325. Na kwa kuwa wengi waliitazama kwenye IMAX kwa bei ya juu, tiketi zenyewe huenda zilipungua zaidi. Hili huwezi kuliona ukiziangalia dola peke yake.

Kiasi gani kilimfikia mwenye filamu

Ukumbi Marekani kwanza hukata gharama zake za uendeshaji zilizokubaliwa kwenye mkataba, kisha kinachobaki hugawanywa. Wiki za mwanzo msambazaji huweza kuchukua hadi asilimia 90, halafu sehemu yake hupungua kila wiki. Ukichanganya yote, nusu ya mapato ghafi ni kadirio linalotosha pale usipokuwa na mkataba. Filamu inayopata pesa mapema humpa msambazaji zaidi ya nusu, na inayotambaa miezi mingi huwafaa zaidi wenye kumbi.

Nusu ya 27.6 ni milioni 13.8. Gharama ya kutengeneza hutajwa kati ya milioni 28 na 30, bila nakala za filamu wala matangazo. Vyanzo vinapotofautiana hivi, usichague kinachokupendeza. Fanya hesabu mara mbili, ya chini na ya juu. Hapa jibu halibadiliki: kwa tiketi za Marekani pesa ya utengenezaji haikurudi hata nusu. Sinemani, ilibuma.

Andika pia nani alibeba hasara. Pesa ilitoka kwa Ladd Company iliyofanya kazi na Warner Bros., kwa Run Run Shaw wa Hong Kong, na kwa Tandem, waliokuwa wadhamini wa kumaliza filamu na wakapata usemi mkubwa bajeti ilipopitilizwa. Mgawanyo huu unarudi kwenye kanda.

Kanda, ambako hesabu hugeuka

Kanda ya kwanza ya VHS ilitolewa mwaka 1983 na Embassy, kampuni dada ya Tandem, si Warner. Ukipekua takwimu za video za Warner za miaka ya 1980 ukitafuta Blade Runner, umeingia duka lisilo lake.

Kanda za wakati huo hazikuwekewa bei ya mtu wa kawaida. Filamu nyingi zilikuwa kati ya dola 60 na 90, kwa sababu mnunuzi alikuwa duka la kukodisha. Star Trek II iliuzwa kwa dola 39.95 na ikawa gumzo la biashara nzima. Sheria ya Marekani ilimruhusu aliyenunua kanda kuikodisha apendavyo, na studio haikupata senti nyingine. Ndiyo maana filamu inaweza kuwa imetazamwa majumbani na mamilioni huku vitabu vyake vikionyesha maelfu ya nakala.

Mfano wa ukokotoaji, kwa namba za kufanyia mazoezi tu: nakala 50,000, bei ya rejareja dola 79.95, bei ya jumla asilimia 62 ya hiyo. Kila nakala inaleta dola 49.57, jumla karibu milioni 2.48. Usiishie hapo. Mikataba mingi ya Hollywood iliingiza kwenye akaunti ya filamu asilimia 20 tu ya mapato ya video, na iliyobaki ilibaki kwa kampuni ya kusambaza kanda. Akaunti ya filamu inaona dola 496,000. Kanda moja ikikodishwa mara 60 kwa dola 3, duka limekusanya 180, na hakuna kinachorudi. Kosa la kawaida ni kuzidisha nakala kwa bei ya rejareja na kuiita faida ya studio. Na tukiwa hapo: tiketi za vibanda vya video vya Afrika Mashariki hazimo katika takwimu yoyote kati ya hizi, kwa sababu zilizo wazi.

Toleo lipi lililouzwa

Usiingize diski kwenye jedwali kabla ya kuitambua. Tazama mwanzo, Deckard (mhusika wa Harrison Ford) akiwa na gazeti mtaani karibu na kibanda cha tambi. Ukisikia sauti yake ikisimulia, hilo ni la 1982. Nenda mwisho: gari likipita milimani penye mwanga, bado ni la 1982 (sehemu ya picha hizo za angani ni mabaki ya The Shining ya Stanley Kubrick). Lililokwenda nje ya Marekani lina ukatili zaidi, na ndilo kampuni ya Criterion iliyoliweka kwenye diski ya leza mwaka 1987. Kukiwa hakuna msimulizi na kuna ndoto ya farasi mwenye pembe, ni la 1992 au la 2007. Kuyatenganisha, subiri njiwa karibu na mwisho: katika la 2007 anaruka kwenye anga la giza, katika la 1992 anga ni ya mchana.

Kisha soma kila namba pamoja na tarehe yake. DVD ya toleo la mwongozaji ilitoka 1997, miongoni mwa za mwanzo kabisa Marekani, wakati wenye mashine walikuwa wachache. Mauzo madogo hapo hayasemi lolote kuhusu kupendwa. Seti ya diski tano ilitoka tarehe 18 Desemba 2007 kwa DVD, HD DVD na Blu-ray. Siku chache baadaye, Januari 2008, Warner ilitangaza kuiacha HD DVD, diski iliyoshindana na Blu-ray, na Februari Toshiba, mwenye HD DVD, ikaizika kabisa. Nakala za HD DVD zilizouzwa baada ya hapo zilitupwa kwa bei ya hasara, hivyo zihesabu kwa idadi, usizipe thamani ya bei ya awali. Diski ya 4K ya Septemba 2017 ilitangulia mwendelezo kwa mwezi mmoja. Kilele utakachokiona hapo kililetwa na matangazo ya 2049, nacho kipewe mstari wake.

Unaponunua diski ya kukagulia ukiwa Kenya au Tanzania, kumbuka mashine za DVD za kwetu ni za eneo la mauzo namba 5 na Blu-ray ni eneo B, wakati za Marekani ni 1 na A. Diski za 4K hazina kizuizi hicho. Kwenye jedwali, alama hiyo nyuma ya kasha ndiyo itakayokujulisha nakala hiyo iingie kwenye safu ya nchi gani.