Plagi za Subaru Impreza ya zamani: kipande cha mpira kitakuokoa

Mwenye Impreza ya miaka ya 1990 anajua taabu ya kubadilisha plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya silinda: injini imelala, silinda mbili kila upande, plagi zimeangalia bodi ya gari. Usilazimishe mkono. Toa betri upande mmoja, boksi la eya klina upande wa pili, utapata nafasi ya kufanya kazi kwa utulivu. Acha injini ipoe kabisa kwanza, maana kichwa cha silinda ni cha alumini na nyuzi zake, ile mikato ya skrubu inayoshika plagi, zinaharibika kirahisi ikiwa ya moto.

Kabla ya kulegeza plagi, puliza shimo kwa upepo wa kompresa. Mchanga ukidondoka kwenye silinda, umejitafutia kazi nyingine.

Sasa lenye maana zaidi. Kata mpira wa mafuta, yaani bomba laini la kupitisha petroli, kama sentimita 20, uchomeke kwenye kichwa cheupe cha plagi mpya, uingize shimoni na kuzungusha kwa vidole tu. Ikiingia upande, mpira utateleza wenyewe kabla nyuzi hazijaharibika. Soketi, ile spana ya duara, ingekaza tu bila kukuambia kitu. Mimi sifungi plagi yoyote bila mpira huo. Ikishakaa, malizia na soketi ya milimita 16, kwa nguvu ya kukaza ya takriban Nm 21 (nyutoni-mita).

Plagi ya zamani ikitoka imelowa oili kwa nje, kwenye kaure, angalia sili za mashimo ya plagi ndani ya kava la valvu. Zibadilishe siku hiyohiyo.