Namna ya Kuendesha Utambuzi wa Kaya Maskini Kijijini Bila Kumwacha Anayestahili

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoratibiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), huanza kazi kijijini kabla ya fedha yoyote kufika. Wananchi wenyewe, wakiwa katika mkutano wa hadhara, hutaja kaya wanazoona kuwa duni kuliko nyingine. Kaya hizo hujaziwa dodoso, majibu hupimwa kwa vigezo vya kitaifa, na orodha hurejeshwa kijijini ili ithibitishwe. Hatua za baadaye zinaweza kumwondoa aliyeingizwa isivyostahili, lakini ni vigumu sana kumwingiza ambaye hakutajwa siku ya kwanza. Ndiyo maana maelezo haya yanakaa zaidi kwenye siku hiyo, na yanawahusu mwenyekiti, mtendaji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji katika wilaya za mkoa wa Dodoma kama Chamwino, Bahi, Mpwapwa na Kongwa. Chamwino, pamoja na Bagamoyo na Kibaha, ilikuwa miongoni mwa wilaya za majaribio ya uhawilishaji wa fedha kwa masharti kuanzia mwaka 2010, kwa hiyo utaratibu wenyewe si mgeni katika mkoa huu.

Kazi kubwa ifanyike kabla ya mkutano, kwa sababu aliye maskini kuliko wote mara nyingi hahudhurii. Bibi anayelea wajukuu peke yake, mgonjwa wa muda mrefu, mtu mwenye ulemavu ambaye hana wa kumleta, na mama aliyekwenda kibarua alfajiri, hawa ndio hasa wanaotafutwa, na ndio watakaokosekana chini ya mbuyu. Wiki moja au mbili kabla, kila mwenyekiti wa kitongoji apite nyumba kwa nyumba, kisha awaulize wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu na viongozi wa dini ni kaya zipi zenye watoto walioacha shule au wazee wasio na mtu. Majina atakayopata yasisomwe kama uamuzi. Yawe kumbukumbu tu, ili kitongoji kikisahau kaya fulani, kuwepo mtu wa kuuliza: “Na kaya ile ya kule bondeni, mbona haijatajwa?”

Tarehe nayo ichaguliwe kwa makini. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na njaa hubana zaidi mwanzoni mwa mwaka, wakati akiba imekwisha na mtama ungali shambani. Mkutano ukiitishwa mara baada ya mavuno, karibu kila kaya itaonekana ina chakula, na watu watahukumu kwa kile wanachokiona siku hiyo. Kama ratiba ya halmashauri ya wilaya haikuachii nafasi ya kuchagua, basi mwezeshaji awaombe wananchi waikumbuke hali ya Januari na Februari. Siku ya mnada iepukwe kabisa.

Vigezo vikubaliwe kabla ya jina lolote kutajwa, na hapa ndipo mazoea yanapopotosha. Nyumba ya tembe, yaani ya udongo yenye paa bapa la udongo, haithibitishi umaskini: wapo wenye mifugo mingi wanaoishi katika tembe kwa kupenda, na wapo wajane wanaolala chini ya bati lililoezekwa na mtoto ambaye sasa ni marehemu. Ng’ombe zizini nao wahesabiwe kwa tahadhari, kwa kuwa kuna desturi ya kuwekeana mifugo, na anayewachunga huenda akawa ananufaika na maziwa tu. Vivyo hivyo, kuwa na vijana Dar es Salaam hakumaanishi kwamba fedha inatumwa. Kwa maoni yangu, dalili isiyodanganya sana ni kibarua cha palizi. Kaya inayopalilia mashamba ya wengine mwezi Januari ili ipate chakula cha siku, huku shamba lake likimezwa na magugu, itavuna kidogo na mwaka unaofuata itarudi kwenye kibarua kilekile. Kaya inayouza mazao yangali shambani imo katika mtego uleule.

Siku ya mkutano, watu wakae kwa vitongoji na majina yajadiliwe humo kwanza. Wanawake wapewe nafasi ya kuzungumza peke yao, maana wao ndio wanaojua jiko lipi halikuwashwa jana. Kiongozi ambaye ndugu yake ametajwa aseme wazi undugu huo na akae kando jina hilo linapojadiliwa.

Orodha ikikamilika, isomwe kwa sauti, ibandikwe mahali pa wazi, na malalamiko yapokelewe kwa maandishi na watu ambao hawakuitayarisha. Ethiopia, katika mpango wake wa usalama wa chakula ulioanza mwaka 2005, iliweka kamati za rufaa katika ngazi ya kebele, ambayo ni ngazi ya chini ya utawala nchini humo, kwa sababu hiyohiyo. Katika nchi zilizotoka vitani jambo hili lina uzito zaidi, kwani waliokimbia makazi yao hawamo katika daftari la mwenyeji yeyote, na orodha yenye upendeleo inaweza kuamsha uhasama uliokuwa umetulia.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Tofauti ya herufi moja inaweza kuchelewesha malipo, hasa yanayopitia simu. Kwa kaya zitakazobaki nje, mtendaji awaelekeze wenye nguvu za kufanya kazi kwenye mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya, inayogawanywa asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Na wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi wasaidiwe kupata vitambulisho vya msamaha wa matibabu. Muhtasari uliosainiwa ubaki katika ofisi ya kijiji, ukiwa na majina ya waliopendekezwa na kukataliwa pamoja na sababu zake, ili utambuzi ujao uanzie hapo.