Kindi wa chini: kaa chini, usimfuate

Kwa wenzangu wa Nairobi mnaopenda kutoka wikendi kuelekea Kajiado ama Magadi, wale kindi wa chini wanaoishi kwenye mashimo wanazoea watu ukifanya kitu kimoja tu: kaa chini kabisa, mbali kidogo na shimo, mgeuzie ubavu na usimkazie macho, halafu tulia. Usikae kati yake na shimo, hiyo ndiyo muhimu kuliko yote, kwa sababu kinga kubwa ya huyu mnyama ni kukimbilia shimoni, akiona njia yake iko wazi woga unapungua na anaweza kuanza kukusogelea mwenyewe polepole huku akisimama kwa miguu ya nyuma akuangalie vizuri. Ukisimama wima anaona adui, na kivuli kikimpitia anadhani ni mwewe. Rudi palepale siku nyingine, saa zilezile, na utulie vilevile.

Haifanyi kazi jua la mchana likiwa kali maana anajificha shimoni, nenda asubuhi ama jioni kabla giza. Pia kukiwa na mbwa sahau kabisa. Na tafadhali usimlishe, kwenye mbuga hairuhusiwi, na hata nje ya mbuga akizoea chakula cha watu anaanza kukimbilia barabarani kwa magari. Usimshike pia, meno yake ni makali sana, akikuuma osha kidonda kwa sabuni na maji mengi ya kutiririka uende hospitali.