Somo: Nyama ya kiporo ya kupaka mkate, kwa korosho zetu

Asubuhi ya pili ya Idi ya kuchinja, nyumba nyingi hapa Mtwara zinakuwa na kiporo cha nyama ya mchemsho: vipande vimepoa, mafuta yameganda juu ya mchuzi. Watu wameshiba, hakuna anayetaka kuiona tena kwenye sahani ya wali. Mimi huigeuza ikawa ya kupaka mkate. Wengi huichanganya na mayonezi ya dukani. Mimi niliacha siku nyingi, kwa sababu korosho inafanya kazi ileile na ladha yake inaizidi, tena tunailima wenyewe.

Kabla ya kufika kwenye kinu, tuongee habari ya muda, na hapa naomba mnisikilize kuliko mahali pengine popote. Nyama iliyopikwa isikae nje zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzijoto 32, hesabu saa moja tu, na sisi mchana wa Desemba tunaujua ulivyo. Wapo wanaosema, "Nitaichemsha tena, vijidudu vitakufa." Vitakufa kweli, lakini vipo vinavyoacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Idi moja sufuria yangu ililala mezani usiku kucha, kila mtu akidhani mwenzake kaiingiza kwenye friji. Asubuhi haikuwa na harufu mbaya wala utelezi. Niliimwaga yote, na iliniuma sana, maana ilikuwa nyama tuliyoletewa ya sadaka. Hata leo ningeimwaga.

Kwa hiyo nyama ya somo hili ni ile iliyoingia kwenye friji mapema, kwenye chombo kipana kisicho na kina ili ipoe haraka. Itumie ndani ya siku tatu.

Utahitaji robo kilo ya mnofu uliopikwa, wa ng'ombe au mbuzi; korosho zilizobanguliwa nusu kikombe (chukua zile za vipande, ni nafuu kuliko nzima na hapa zinapondwa tu); ndimu moja; kitunguu maji nusu; punje moja ya kitunguu saumu; pilipili manga ya kusaga, nusu kijiko cha chai; na mchuzi wa nyama ileile. Chumvi iache kwanza.

1. Loweka korosho kwenye maji ya moto kwa nusu saa.

2. Chemsha nyama pamoja na mchuzi wake hadi utokote vizuri, usiishie kwenye uvuguvugu. Itoe, itandaze kwenye sahani pana ipoe. Mchuzi uweke pembeni.

3. Toa mifupa, kano na gegedu zote. Sasa chukua kipande ukitazame: nyuzi zake zimelala upande mmoja kama miyaa iliyopangwa kabla ya kusukwa. Kata kwa kuzivuka, usizifuate, vipande vyembamba vya upana wa ukucha. Watu wanairuka hatua hii, halafu wanalaumu kinu. Nyuzi ndefu hazitwangiki, zinabaki kamba kamba na kukwama kwenye meno.

4. Twanga kitunguu saumu na korosho kwanza, peke yake, hadi zilainike kabisa. Ukizichanganya na nyama mapema, mabonge yatajificha humo. Kisha tia nyama kidogo kidogo. Mwanzoni mchi unagonga pakavu na nyama inakimbilia kingoni. Weka kijiko cha mchuzi, twanga, weka kingine. Kwenye kijiko cha tatu au cha nne mlio unabadilika, unakuwa mzito, na ukiinua mchi nyama inaufuata. Simama hapo, ukizidisha mchuzi mkate utalowa.

5. Kamulia ndimu, tia pilipili manga, changanya, onja. Sasa ndipo uamue kuhusu chumvi, kwa sababu nyama ilishatiwa jana. Ndimu usiibanie: mafuta ya nyama na ya korosho yanaufunika ulimi, na ukali wa ndimu ndio unaourudishia ladha. Kitunguu maji kikate kidogo kidogo kama punje za mchele, kisuuze, kikamue, ukichanganye mwisho.

Inatosha mikate minane ya slesi mbili mbili. Mimi naipenda zaidi kwenye boflo la asubuhi lililopashwa kwenye kikaango kikavu, na chai ya rangi pembeni.

Maswali ya wanachama

Kutoka Masasi: Dada, asante kwa somo. Mimi sina kinu, nina blenda tu.

Karibu sana, mdogo wangu. Inafaa. Bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia. Ukiiacha izunguke tu utapata uji.

Kutoka Nachingwea: Huku kwetu ufuta ndio mwingi. Naweza kuutumia badala ya korosho? Mwanangu korosho zinamvimbisha midomo.

Pole, na usimwonjeshe hata kidogo. Mwandalie kwa kinu kilichooshwa vizuri au, bora zaidi, kingine kabisa. Ufuta unakubali: kaanga mkavu vijiko vitatu hadi unukie, uusage, uongeze kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Ukiungua kidogo tu unakuwa mchungu. Lakini nao huwadhuru baadhi ya watu, kwa hiyo kama mtoto hajawahi kuula, muulize daktari kwanza. Kiazi mviringo kilichopondwa pia kinashika nyama vizuri.

Kutoka Mikindani: Shikamoo dada. Naweza kumfungia mtoto akale shuleni?

Marahaba. Akitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu na mapumziko ni saa nne, hapana, joto letu haliruhusu. Mpe asubuhi kabla hajaondoka, shuleni abebe karanga au muhogo wa kuchemsha.

Kutoka Lindi mjini: Umeme ukikatika, iliyobaki kwenye friji inadumu muda gani?

Friji isipofunguliwa hushika ubaridi kama saa nne. Zikipita hizo na huna barafu, usiile. Umeme ukiwepo, iliyokwisha kutwangwa mimi siivushi siku ya pili.

Kutoka Kilwa: Na samaki je? Jana tumebakiwa na jodari.

Jodari anatwangika vizuri kuliko nyama, na mchuzi utahitaji kidogo sana. Ila hakikisha alikuwa kwenye barafu tangu alipovuliwa. Jodari aliyepigwa na joto hujenga kitu kinachowasha mwili na kuleta wekundu usoni, na kumpika hakukiondoi. Kama alikuwa salama na jana hiyohiyo mlimuweka kwenye friji, ongeza ndimu ya pili, na pilipili mbuzi kidogo kama nyumbani wanaipenda.